FENI INAZUNGUKA, KOMPYUTA INASEMA HAIZUNGUKI: TUMWAMINI NANI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta nayo ina mawingu yake. Kabla haijazimika ghafla au kuharibika, huwa nzito, feni yake hulia kama nyuki waliochokozwa, au asubuhi ukiiwasha skrini inaandika: "CPU Fan Error". Maana yake ni kwamba kompyuta haioni feni ya prosesa ikizunguka. Prosesa, kwa wasioijua, ndiyo chipu inayofanya hesabu zote za mashine, na ndiyo inayopata joto jingi.

Tukiyaona maneno hayo, wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Kuna anayebonyeza F1 na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna neno. Na kuna anayekata shauri kuwa mashine imekufa, akaisukuma pembeni ikawa ya kuwekea vitabu. Wa kwanza anaweza kuiunguza kompyuta iliyokuwa ikiomba msaada. Wa pili anaitupa kompyuta nzima, na mashine ya shule imenunuliwa kwa pesa za wazazi. Dawa ni kuuliza swali moja kabla ya kufanya lolote: kilichoharibika ni nini hasa, ni kitu chenyewe au ni habari za kitu hicho?

SAFARI YA HABARI

Hebu tufikirie hospitali. Kuna mgonjwa, kuna kipimajoto, kuna muuguzi anayebeba habari, na kuna daktari anayesoma kadi. Daktari akisoma kwamba mgonjwa ana nyuzi 20, hatakimbia kuita jamaa waje kuzika. Atasema kipimajoto ni kibovu, au muuguzi amekosea kuandika.

Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo. Mgonjwa ni prosesa au feni. Kipimajoto ni kihisi, yaani kifaa kidogo kinachohisi joto au mzunguko. Muuguzi ni nyaya pamoja na chipu moja iliyoko kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi wa mtaani huiita mazabodi. Daktari ni programu inayotuonyesha namba kwenye skrini. Kosa laweza kuwa kituo chochote kati ya hivyo vinne.

KIHISI CHA JOTO

Joto hupimwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni thamista, ambayo iko juu ya bodi kuu. Tuliosoma Fizikia tunaujua ukinzani. Thamista za aina hii ukinzani wake hupungua joto likipanda. Basi fikiri kidogo: waya wake ukikatika, ukinzani unakuwa mkubwa mno, na chipu inadhani kuna baridi kali. Nyaya zake zikigusana, ukinzani unakaribia sufuri, na chipu inadhani kuna moto. Kumbe hakuna baridi wala moto, ni waya tu.

Njia ya pili ni kihisi kilichojengwa ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za Intel za aina ya Core, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, zina kihisi katika kila kiini. Ajabu ni kwamba kihisi hicho hakisemi "nina nyuzi 60". Husema "nimebakisha nyuzi 40 kufika kikomo changu". Programu ndiyo inayotoa. Kama kikomo ni 100, basi 100 kutoa 40 ni 60. Programu ikidhani kikomo ni 85, itatangaza nyuzi 45, na utastarehe bure. Kwa hiyo programu ya zamani kwenye prosesa mpya yaweza kudanganya bila kukusudia.

KIHISI CHA FENI

Tazama nyaya za feni. Feni ya nyaya mbili hupokea umeme tu, haiwezi kusema lolote kuhusu kasi yake. Hiyo hata ukiiomba namba mpaka kesho hutaipata, na si mbovu. Feni ya nyaya tatu ina waya wa kupeleka habari. Feni ya nyaya nne ina huo pia, pamoja na waya wa kupokea amri ya kuongeza au kupunguza kasi.

Waya wa habari hutoa mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja. Chipu huyahesabu. Tuseme imehesabu mapigo 40 kwa sekunde. Gawa kwa 2, unapata mizunguko 20 kwa sekunde. Zidisha kwa 60, unapata mizunguko 1,200 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye skrini. Si uchawi, ni hesabu za darasa la sita!

Chipu za miaka ya 1990, kama LM78 ya National Semiconductor, zilikuwa na udhaifu mmoja. Zilipima muda kutoka pigo hadi pigo, lakini zilijua kuhesabu hadi 255 tu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, feni iliyozunguka chini ya mara 2,650 hivi kwa dakika ilikuwa ya polepole mno kwake, hesabu ikajaa, na programu ikaonyesha 0. Feni ni nzima, inazunguka, na kompyuta inasema imesimama. Ilibidi kubadilisha kigawanyo katika programu ndipo namba ya kweli itokee.

KISA KATIKA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Mashine moja ya shule yetu iliandika onyo hilo kila asubuhi. Fundi aliyeitwa akaingia katika bayosi, ile programu ya kwanza inayoamka kompyuta ikiwashwa, akaagiza onyo la feni lipuuzwe. Onyo likaisha, watu wakapiga makofi. Lakini alizima king'ora, hakutafuta moshi. Siku ambayo feni ingesimama kweli, hakuna mtu angejua.

Mwalimu wa kompyuta hakuridhika. Aliifungua mashine mbele yetu, akaiwasha, na feni ikazunguka vizuri tu. Kisha akatuambia tusome maandishi madogo kando ya soketi. Plagi ya feni ya prosesa ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya CHA_FAN, yaani ya feni ya kasha, badala ya CPU_FAN. Umeme ulifika, ndiyo maana ilizunguka, lakini habari zilikwenda mlango wa jirani. Plagi ikahamishwa, onyo likarudishwa katika bayosi, na tangu hapo mashine haijalalamika. Gharama yake? Hata shilingi moja haikutoka.

HATUA ZA KUCHUNGUZA

Haya, fuata mpango huu. Usiruke hatua.

(a) Tumia akili kwanza. Kompyuta inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo. Namba kama -128 au 127 zinapaswa kukushtua: chipu nyingi huhifadhi joto kwa biti 8, na hizo ndizo ncha mbili za hesabu hiyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba hapo hapajaunganishwa kihisi chochote. Vilevile namba isiyobadilika hata kidogo, mashine ikiwa imepumzika au ina kazi, usiiamini.

(b) Tumia macho, masikio na mkono. Je, feni inazunguka? Hewa inatoka nyuma? Ni ya moto?

(c) Linganisha madaktari wawili. Soma joto katika bayosi, kisha usome katika programu nyingine. Katika Windows watu wengi hutumia HWiNFO. Usifungue programu mbili za namna hiyo kwa pamoja, kwani zote huuliza chipu ileile na majibu yanaweza kuchanganyika.

(d) Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini, ndipo ufungue. Chunguza kama plagi imekaa sawa na katika soketi yake.

(e) Badilishana. Chomeka feni nyingine nzima katika CPU_FAN. Ikisomeka, soketi ni nzima na feni ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Isiposomeka, shuku soketi au chipu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

(f) Safisha vumbi kwa brashi laini, huku ukishika mapanga ya feni yasizunguke ovyo.

KAMA HAKUNA NAMBA HATA MOJA

Pengine programu haionyeshi kihisi chochote. Hapo daktari hajaitwa kazini. Katika Linux, kifurushi huitwa lm-sensors. Ukishakiweka, andika sudo sensors-detect. Itauliza maswali mengi; kubali jibu inalopendekeza kwa kubonyeza Enter, usijifanye mjuaji. Mwishoni itakuambia viendeshi vinavyohitajika, kama coretemp kwa prosesa za Intel, au nct6775 na it87 kwa chipu nyingi za bodi kuu. Kisha andika sensors, na namba zitatoka. Kwenye kompyuta za mkononi usishangae ukiona joto bila kasi ya feni. Nyingi zina kidhibiti chao cha feni ambacho hakizungumzi na kila programu.

NAMBA ZIKIWA ZA KWELI

Ukishathibitisha kuwa habari ni za kweli, basi ziheshimu. Prosesa iliyopumzika yenye nyuzi 35 hadi 50 ni nzima. Ikiwa na kazi nyingi, 60 hadi 80 si ajabu. Ikikaribia 100, prosesa nyingi za leo hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine hujizima. Kwa hiyo kompyuta inayokuwa kobe kila saa sita mchana huenda haina virusi, ina homa.

Ndugu msomaji, anayepuuza kila onyo na anayeogopa kila onyo ni mapacha: hakuna kati yao anayechunguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza hakikisha ni ufa kweli, si kivuli cha kamba.

ZOEZI

1. Chipu imehesabu mapigo 60 kwa sekunde moja. Feni inazunguka mara ngapi kwa dakika?
2. Chumba huko Mombasa kina nyuzi 31. Programu inasema bodi kuu ina nyuzi 12, asubuhi hadi jioni. Je, mashine ni baridi?
3. Prosesa ina nyuzi 97. Feni inasoma 2,400 na unaisikia ikizunguka. Kasoro iko wapi?

MAJIBU

1. Mara 1,800.
2. Hapana. Haiwezi kuwa baridi kuliko chumba, tena namba haibadiliki. Shuku kihisi au programu.
3. Feni inasema kweli. Joto haliondoki vizuri: tazama vumbi, chuma cha kupozea kilicholegea, au ile pesti kati yake na prosesa iliyokauka.