Tairi ya Lami na Udongo: Ununue Ipi?

Wahudumu wa afya na makatekista wetu wengi asubuhi wako kwa lami, mchana wako kwa matope. Akifika dukani, mtu huona tairi ya meno marefu yaliyoachana, akasema, "Hii ndiyo ya kazi." Ngoja kwanza. Meno hayo hushika matope vizuri, lakini kwa lami huisha haraka, na kukiwa na mvua huteleza ukifunga breki, maana mpira unaogusa barabara ni kidogo.

Jiulize: kwa wiki moja, kilomita zangu nyingi ni za wapi? Kama ni lami na murram kavu, chukua yenye meno mafupi, mapana, yaliyokaribiana. Kama ni udongo mweusi, basi meno marefu.

Tairi ya bei nafuu si mbaya, mradi ni mpya kweli. Soma ubavuni. Kwa 4.10-18, hiyo 18 ni inchi za rimu. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024.

Ya kuogopa ni tairi kipara iliyochongwa upya kwa kisu na kupakwa rangi nyeusi. Ukiona nyuzi ndani ya mifereji, irudishe hata kama ni nusu bei. Nyuma yako kuna mama mjamzito, ama sanduku la chanjo.

Fundi akiifunga, mshale ufuate gurudumu linakozunguka. Halafu kilomita 150 za kwanza enda polepole. Tairi mpya huteleza.