Kifaa cha Redio ya Ridhaa Kisichoonekana Kwenye Ramani: Hatua za Ukaguzi

Somo hili linamhusu mtumiaji wa redio ya ridhaa, yaani redio isiyo ya biashara, aliyenunua kifaa cha kutangaza mahali alipo, akakiwasha nyumbani kwake Upanga, na asijione kwenye ramani.

Kifaa hiki hupokea mawimbi ya setelaiti ili kitambue mahali kilipo, kisha hutuma taarifa hiyo kwa redio. Kituo kingine huipokea na kuifikisha kwenye ramani ya intaneti. Kwa hiyo, ramani tupu si ushahidi kwamba kifaa ni kibovu. Kabla ya kukirudisha dukani au kununua kingine, fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio, ukibadilisha jambo moja tu kila mara.

1. Leseni na alama ya mwito. Kutuma mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ingiza alama yako ya mwito, ambayo kwa Tanzania kwa kawaida huanza na 5H. Vifaa vingi hutoka kiwandani na alama ya mfano, ifute.

2. Setelaiti. Kuta za zege na paa la ghorofa huzuia mawimbi. Peleka kifaa mahali penye anga wazi, kama Viwanja vya Mnazi Mmoja, ukisubiri dakika kadhaa. Upanga iko karibu na nyuzi 6 dakika 48 Kusini, na nyuzi 39 dakika 17 Mashariki. Ukiandika mahali kwa mkono na kuweka Kaskazini badala ya Kusini, ramani itakuweka Ethiopia.

3. Masafa. Hili ni kosa jepesi kutendeka kwa kifaa kilichoagizwa nje. Marekani hutumia 144.390 MHz kwa kazi hii, ilhali Ulaya na Afrika, Tanzania ikiwemo, zimo katika Kanda ya 1 ya kimataifa ya redio, ambako masafa yaliyozoeleka ni 144.800 MHz.

4. Utumaji. Funga antena inayofaa kabla ya kutuma. Kutuma bila antena kunaweza kuunguza kifaa. Kisha sikiliza kwa redio nyingine iliyo karibu. Ukisikia mlio mfupi wa kukwaruza, kifaa kinatuma. Mlio ukiwa na nguvu mno, data huharibika. Punguza kiwango cha sauti katika mipangilio.

5. Mapokezi. Iwapo yote yaliyotangulia ni sahihi, huenda hakuna kituo cha kupokea kilicho karibu. Usiongeze nguvu kupita kiwango cha leseni yako. Mwombe mwenye leseni mwingine apokee kwa redio yake. Akikusoma, kifaa chako ni kizima.

Zingatia: Usikitegemee kifaa hiki pekee kwa uokoaji baharini au safarini. Pasipo kituo cha kupokea, hakuna atakayejua ulipo.

Iwapo kifaa kimeshindwa katika hatua ya 2 au ya 4 licha ya mipangilio sahihi, kirudishe kwa muuzaji pamoja na risiti ya kielektroniki, ukimweleza kwa maandishi hatua ulizopitia na matokeo yake. Maelezo hayo ndiyo yatakayotofautisha ubovu wa bidhaa na kosa la mipangilio.