Mwalimu wa Kwanza wa Mtoto Wako

Somo la wiki: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 2 Timotheo 1:5 na 3:14–15

Leo nitaanza kwa kutubu, ndipo nifundishe.

Nimefundisha shule ya Jumapili hapa Mukuyuni kwa miaka mingi. Watoto wa watu nimewafundisha kuomba, kuimba na kukariri maandiko. Kisha ukaja mwaka wa 2020. Tarehe 15 Machi Rais alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Makanisa nayo yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai tuliruhusiwa watu 100 na ibada ya saa moja tu, na watoto wa chini ya miaka 13 wakaambiwa wabaki nyumbani. Shule ya Jumapili ikabaki imefungwa.

Jioni moja nikamwambia kitinda mimba wangu, aliyekuwa PP2 wakati huo, atuombee chakula. Akanitazama, akasema, "Mwaitu, mwalimu wa kanisa hayuko."

Ndugu yangu, mwalimu wa kanisa si ni mimi! Nilikuwa nimekaa hapo hapo na mwiko mkononi. Lakini mtoto alinijua kama mwalimu kule kanisani tu. Nyumbani alinijua kama mtu wa kupika na kukemea. Usiku huo sikupata usingizi.

Nilichojifunza kwa jirani

Jirani yangu wa ng'ambo ya shamba ni Mkatoliki. Nikiwa mkweli, nilizoea kumwombea tu. Sikudhani ana kitu cha kunifundisha. Nikienda kuchota maji asubuhi nilimwona chini ya mti na watoto wake wawili, wa miaka minne na sita. Siku moja nikaingia kwake.

Hakuwa na vitu vingi: Biblia ya watoto, daftari moja, mahindi kwenye kikombe, na rozari. Yule mdogo alikuwa anahesabu shanga za rozari, kumi, halafu kumi nyingine, mpaka akafika hamsini. Mkubwa alikuwa anaandika jina lake kwenye mchanga kwa kijiti.

Nikamuuliza, "Kwani wewe ulisomea ualimu?"

Akacheka. "Dada, mimi niliishia darasa la nane. Nilianza na dakika kumi na tano. Padre alituambia kwenye jumuiya kwamba nyumba ni kanisa dogo, na baba na mama ndio makatekista wa kwanza."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hayo hayakuwa maneno ya padre peke yake. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko kuhusu elimu ya Kikristo, ukafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba wao wakikosa kufanya kazi hiyo ni vigumu mtu mwingine kuziba pengo lao.

Tunatofautiana na Wakatoliki kwa mafundisho, hilo silifichi. Mimi siombi rozari wala sijaanza. Lakini jambo hili lilikuwa kwenye Biblia yangu siku zote! Katika Kumbukumbu la Torati 6, kazi ya kuwafundisha watoto Neno Musa hakuwaachia makuhani. Aliwapa wazazi, tena akawatajia na saa zake: ukiwa umeketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Timotheo naye alijua Maandiko tangu utotoni, na imani yake Paulo anaiona kwanza kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani (Matendo 16:1). Mama hakungoja mambo yote ya nyumba yakae sawa ndipo aanze.

Hata Susanna Wesley, mama yake John Wesley, aliwafundisha watoto wake kusoma nyumbani kule Uingereza. Mtoto alianza akitimiza miaka mitano, na kitabu cha kusomea kilikuwa Mwanzo sura ya kwanza. Tena kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kuongea na mama. Ya John ilikuwa Alhamisi.

Namna ya kuanza

1. *Anza kidogo.* Mimi nilianza vibaya. Siku ya kwanza nilimkalisha mtoto saa mbili nzima kama yuko kwenye mtihani. Alilia, nami nikapiga kelele, na penseli ikavunjika. Jirani akaniambia, "Punguza, dada. Akianza kuchoka, wewe uwe umeshamaliza." Mtoto wa miaka minne au mitano, dakika kumi na tano zinamtosha. Lakini ziwe kila siku, saa ile ile.

2. *Tumia lugha ya nyumbani.* Kama mtoto anaota kwa Kikamba, mwombee kwa Kikamba na umsimulie hadithi za Biblia kwa Kikamba. Kiswahili na Kiingereza vitakuja. Mungu hahitaji mkalimani.

3. *Tumia kilicho karibu.* Jina la mahali petu limetokana na mkuyu. Nilimpeleka mtoto penye mkuyu, nikamsimulia habari za Zakayo (Luka 19:1–10). Tukahesabu majani, tukaandika M kwenye mchanga, akajaribu kupanda kama Zakayo. Kusoma, hesabu na Neno, vyote kwa asubuhi moja, na sikutoa hata shilingi.

4. *Uwe na mpangilio wa mwaka.* Wenzetu Wakatoliki wana Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, na wengine huwasha mshumaa mmoja zaidi kila wiki. Mtoto anajua anangoja nini. Sisi twapenda kuongozwa na Roho, amina, lakini wakati mwingine "Roho ataongoza" ni jina tu tumelipa uvivu wetu. Chagua wiki za Krismasi, Pasaka na Pentekoste, upange hadithi zake mapema.

5. *Usimtoe mtoto shuleni kiholela.* Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ahakikishe mtoto anasoma. Kama unafikiria kumsomesha nyumbani moja kwa moja, uliza kwanza ofisi ya elimu. Somo la leo ni la kila mzazi, hata ambaye mtoto wake anaenda shule kila siku.

6. *Baba asikae pembeni.* Kumbukumbu 6 haikuandikiwa akina mama peke yao. Baba akiongoza sala siku moja tu kwa wiki, mtoto ataikumbuka.

Matunda

Baada ya kama majuma matatu tulikuwa tumekaa kula muthokoi. Kabla sijasema neno, kijana akafumba macho: "Mungu, asante kwa chakula. Ponya mguu wa susu. Amina." Basi. Nimeshuhudia mikesha mikubwa, lakini sala ile ilinitoa machozi.

Shule zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021, akarudi darasani. Dakika zetu kumi na tano tulizihamishia jioni. Na yule jirani bado namwombea, ila siku hizi naye namwomba aniombee.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mtoto wako akiulizwa ni nani alimfundisha kuomba, atamtaja nani?
2. Kati ya zile saa nne za Kumbukumbu 6:7, ni ipi unaweza kuanza nayo kesho?
3. Kuna jirani wa kanisa lingine ambaye umemdharau, kumbe ana la kukufundisha?

Tuombe: Baba, tusamehe tuliowalisha watoto wa wengine tukaacha wetu na njaa. Tupe uvumilivu wa dakika kumi na tano kila siku. Katika jina la Yesu, amina.