Asili ya Maneno: Fungate

Arusi ikifanywa Matemwe, au katika shamba lo lote la Unguja, siku saba za kwanza za bwana na bibi arusi huitwa fungate. Je, kwa nini zikaitwa hivyo? Kwa sababu fungate ndiyo saba ya kale.

Zamani Waswahili walihesabu hivi: tano, tandatu, fungate, nane, kenda, kumi. Kisha, kwa kuchanganyika na Waarabu katika biashara na dini, maneno ya sita, saba na tisa yakashika mahali pa tandatu, fungate na kenda. Nane na kumi yakabaki.

Ndugu zetu wa bara hawakuyaacha. Msambaa huhesabu mtandatu, mfungate, mnane, kenda. Mgiriama wa Kenya husema fungahe kwa saba; Mnyarwanda husema gatandatu kwa sita; na Mkikuyu husema kenda kwa tisa. Hata jina la Mijikenda maana yake ni miji tisa. Tena yatazameni maneno yenyewe: tandatu ni tatu na tatu, na nane ni nne na nne.

Basi, walimu, mtoto akileta darasani neno la bibi yake, msimwambie upesi kuwa amekosa. Mwulizeni maana yake, mliandike, mlilinganishe na la jirani. Nanyi masheha, wakusanyeni wazee waulizwe wangali hai. Fungate limehifadhiwa na arusi. Maneno mengi hayana wa kuyahifadhi ila sisi.