Idadi na Namba: Somo Kutoka Kwenye Mizani

Mjomba wangu hununua magunia ya mawe ya shaba kutoka kwa wachimbaji wadogo pembeni mwa Kolwezi. Aliponiomba nimtengenezee programu ya kuweka hesabu, nilitumia Ruby on Rails. Kila gunia nikalipa sifa nne: uzito, kiwango cha shaba, namba ya gunia na simu ya mchimbaji. Kwa kuwa zote huandikwa kwa tarakimu, zote nilizipa aina ya namba kamili. Kosa hilo ndilo somo la leo.

Siku ya kwanza mchimbaji mmoja aliuliza, "Mbona gunia langu lina tatu? Nimepimiwa tatu na nusu." Kwetu desimali huandikwa kwa mkato, kama Kifaransa: 3,5. Rails hupokea maandishi hayo, husoma tarakimu za mwanzo na kusimama penye alama isiyoijua. Ikabaki 3. Kwa gunia la kilo 50, asilimia 3,5 ni kilo 1,75 za shaba. Asilimia 3 ni kilo 1,5. Kwa magunia 40, kilo 10 za shaba zimetoweka bila mwizi. Uzito ulioandikwa "1 200", kwa nafasi, ungekuwa 1. Simu iliyoanza na sifuri ilipoteza sifuri yake. Neno "sita" lingegeuka 0.

Sisi wa kitivo cha lugha tulikuwa na kinga mkononi. Tunasema *magunia matatu*: tarakimu inapatana na nomino, ni idadi. Tunasema *gunia namba tatu*: haipatani na chochote, ni jina tu. Katika ngeli kama ya *kilo tatu*, upatanisho hauonekani. Hapo ninauliza maswali mawili zaidi.

Je, vinajumlishika? Kilo na kilo zinatoa kilo. Simu ya baba ukijumlisha na ya mama, hupati simu ya mtu. Basi simu na namba ya gunia ni maandishi.

Je, kinakatika? Magunia tunayahesabu mazimamazima, hivyo idadi yake ni namba kamili. Kiwango cha shaba kinakatika, kwa hiyo ni desimali. Uzito pia, ikiwa mizani inaonyesha nusu kilo.

Lakini kubadili aina pekee hakutoshi: hata desimali ya Rails husoma "3,5" kama 3. Kwanza nafasi iondolewe na mkato ugeuzwe nukta. Kisha modeli ikague maandishi yenyewe kabla hayajageuzwa, na kukataa yasiyo namba. Kukataa kwa sauti ni heri kuliko kukubali kimyakimya.

Mjomba alimlipa mchimbaji tofauti yake. Mimi nilirudi kwenye daftari la sarufi.