Sarpagandha: Mzizi Ushushao Shinikizo la Damu

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, umo mmea mdogo uitwao sarpagandha, ambao wanasayansi huuita Rauvolfia serpentina. Kwa karne nyingi matabibu wa huko walisaga mizizi yake mikavu, wakawapa watu waliokosa usingizi, wenye wazimu na walioumwa na nyoka.

Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kwamba unga huo huwatuliza wagonjwa wa akili na pia hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha matokeo ya kuutumia kwa wagonjwa 50 wenye shinikizo la juu la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitenga kiini chake chenye nguvu: reserpini.

Jinsi inavyofanya kazi
Miisho ya neva huhifadhi kemikali za kupeleka ujumbe, kama vile noradrenalini, dopamini na serotonini, ndani ya vifuko vidogo mno. Reserpini huzuia vifuko hivyo visijazwe. Akiba ikipungua, mishipa ya damu hulegea, moyo hupiga polepole, na shinikizo hushuka.

Madhara yake
Upungufu huo huifikia pia mishipa ya fahamu ya ubongo. Kwa hiyo dawa hiyohiyo yaweza kuleta usingizi mwingi, kuziba kwa pua, vidonda vya tumbo na kutetemeka; na baadhi ya waliotumia dozi kubwa waliripotiwa kupata sonona. Athari zake huweza kudumu siku kadhaa hata baada ya kuiacha.

Funzo kwetu
Kidonge cha reserpini hupimwa kwa sehemu ya miligramu; unga wa mzizi hauna kipimo hicho, kwani nguvu yake hutofautiana mmea kwa mmea. Anayeutumia kwa siri pamoja na vidonge vya hospitali huenda akashukiwa na shinikizo kupita kiasi, na daktari asijue sababu.

Basi mgonjwa aitaje kila dawa anayotumia, ya miti na ya dukani. Naye daktari aulize bila kukemea, kwa maana mgonjwa aliyekemewa leo atanyamaza kesho, na ukimya huo waweza kumgharimu uhai.