Soda ya Mgeni: Namna Tangazo Linavyogeuka Kuwa Mazoea

Katika nyumba nyingi, mgeni anapobisha hodi, mtoto hutumwa dukani kuleta soda. Ukarimu huo ni wa kale. Chupa ndiyo ngeni. Hata hivyo, wengi wetu tungeona haya kumpa mgeni maji matupu. Makala hii inaeleza jinsi bidhaa ya kiwandani inavyopenya katika desturi, na athari zake kwa afya.

Tangazo hufanyaje kazi?

Watu wengi hudhani kwamba tangazo hulenga kumshawishi mtu anunue leo. Kazi yake kubwa zaidi ni kuambatanisha bidhaa na tukio. Wanasaikolojia hueleza kuwa mazoea huwa na sehemu tatu: kichocheo, tendo na tuzo. Kiu, ugeni na sikukuu ni vichocheo vilivyokuwapo kabla ya kiwanda chochote. Tangazo huvionyesha pamoja na chupa, tena na tena, mpaka tukio lenyewe likumbushe chupa. Utamu wa sukari ndio tuzo. Mtu akishafika hapo hahitaji kushawishiwa tena. Hununua bila kufikiri.

Mfano wa kihistoria unatoka Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtunzi wa matangazo Claude Hopkins, akitangaza dawa ya meno ya Pepsodent, aliwaambia watu wapitishe ulimi juu ya meno ili wahisi utando uliopo. Utando huo ulikuwapo siku zote. Sasa ukawa kichocheo cha kupiga mswaki. Kwa hiyo nguvu ya tangazo yaweza kujenga tabia njema pia. Swali la msingi ni bidhaa ipi inayoambatanishwa na tukio, na kwa faida ya nani.

Kwa mtoto, nguvu hiyo ni kubwa zaidi. Hupita kila siku mbele ya duka lililopakwa rangi za kampuni ya soda, naye angali hajaweza kutambua nia ya anayetangaza. Kwa kuzingatia hatari hiyo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mwaka 2010 mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi yanayowafikia watoto.

Hesabu ya chupa moja

Soda ya kola ya kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 ina gramu 50, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, kiwango hicho ni gramu 50. Chupa moja imekimaliza chote.

Sukari iliyo katika kinywaji haishibishi kama chakula kigumu, hivyo huongezeka juu ya mlo wa kawaida. Unywaji wa mara kwa mara huongeza uwezekano wa uzito kupita kiasi na kisukari cha aina ya pili. Kinywani, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino.

Hatua za kuchukua

Kuyakemea mazoea pekee hakutoshi, kwa kuwa kichocheo hubaki palepale. Mgeni ataendelea kuja. Kinachoweza kubadilika ni kilichomo ndani ya bilauri. Maji baridi, dafu au tunda lililokatwa vizuri huhifadhi heshima ya mgeni. Vilevile, mlezi asome kiasi cha sukari kilichoandikwa kwenye chupa na kukihesabu mbele ya watoto.

Juhudi za familia zahitaji msaada wa sheria. Mwaka 2016, Chile ilianza kuweka alama nyeusi za tahadhari kwenye bidhaa zenye sukari nyingi na kuzuia matangazo yake kwa watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa ununuzi wa vinywaji vyenye alama hizo ulipungua kwa takriban asilimia 24.

Desturi ya kumkirimu mgeni ni yetu, nasi tuna haki ya kuamua tumkirimu kwa nini. Atumwapo mtoto dukani safari ijayo, tujiulize kwanza: ni nani aliyetufundisha kumtuma?